Barua kwa mwanangu anayekuja kufanya kazi Lamu

Hindi, Lamu

Mwanangu Athman,

Assalaam aleikum. Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillah. Babako mguu umepoa, ameanza tena kwenda kondeni asubuhi. Shangazi yako amenipigia simu kunipa habari kwamba barua yako ya kazi imetoka, umeajiriwa afisa wa kilimo wa nyanjani, na umepangiwa Lamu, tena huku bara, si Amu, yaani mji wa Lamu kule kisiwani. Nimeshukuru Mungu. Nimeona afadhali nikuandikie, kwa sababu maneno ya simu hupotea, na haya nataka uyasome ukiwa ndani ya basi, uyasome tena ukishapewa pikipiki ya kazi na kuanza kuzunguka.

Wewe ulizaliwa huku lakini umekulia Mombasa tangu uanze shule. Lamu unayoijua ni ya Maulidi na ya Idi: forodhani, punda vichochoroni, nyumba za mawe na milango ya nakshi. UNESCO iliuingiza mji ule kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na sisi tunauonea fahari. Lakini Amu haijawahi kujilisha yenyewe. Mtama, mahindi, kunde, simsim, maembe, vyote vimekuwa vikitoka bara na kuvuka kwa mashua. Kaunti hii ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, na visiwa vyote ukivikusanya, Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu, ni sehemu ndogo tu ya hizo. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata watu 143,920 kaunti nzima. Mombasa yako peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni 1.2. Kwa hivyo usishangae ukiendesha pikipiki mwendo mrefu usione hata kibanda. Ardhi ipo, na watu ni wachache, lakini hakuna mahali nilipopata kuona watu wachache wenye maneno mengi juu ya ardhi kama hapa.

Ndiyo maana naandika. Huku usianze kumfundisha mtu kupanda kabla hujajua amefikaje kwenye shamba lile na ana karatasi gani mkononi. Chuoni wamekufundisha udongo, mbegu na dawa, na nina hakika unavijua vizuri. Hili la ardhi hawakukufundisha, na ukilikosea, hata mbegu nzuri watu watakurudishia.

Anza na yale ambayo sisi watu wa pwani hatupendi kuyataja. Karne ya 19, bara hii ya kuanzia Hindi mpaka Mkunumbi na Mpeketoni ilikuwa mashamba makubwa ya matajiri wa Amu na Pate. Simsim na mtama vilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, na waliolima walikuwa watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria pwani yetu mwaka 1907, mashamba yakakosa mikono, mengi yakarudi kuwa msitu. Wengine walikuwa wamekwisha kutoroka zamani, wakakimbilia Witu. Utapita Witu na basi, utaona mji mdogo wa maduka na miembe, hutadhani palikuwa na sultani. Lakini alikuwako, Ahmed aliyeitwa Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyejitenga huko msituni asitawaliwe na Zanzibar, na watoro walipata hifadhi kwake. Mwaka 1885 Wajerumani waliutangaza usultani wake kuwa chini ya ulinzi wao. Mwaka 1890 wakauachia Uingereza, na mwaka huohuo, baada ya Wajerumani waliokuja kukata mbao kuuawa pale, Waingereza wakaleta askari kwa meli wakauchoma mji. Kwa hivyo ukikaa na mzee wa Witu akakwambia ardhi ya babu yake, elewa kwamba huenda babu huyo aliifikia kwa kukimbia mnyororo. Mpe heshima anayostahili mtu kama huyo.

Kisha ukaja wakati wetu. Bibi yako, mamangu, alizaliwa bara upande wa kaskazini, kati ya Mkokoni na Kiunga. Wabajuni walikuwa na vijiji msururu mzima wa ile pwani, na nyuma ya kila kijiji makonde. Walifyeka kwa panga, wakaacha yakauke, wakachoma, wakapanda, na baada ya miaka michache wakahamia kipande kingine ili kile cha kwanza kipumzike. Usiku wa kuamkia kuchoma konde, wanaume walikesha wakiimba vave, nyimbo zetu za makonde. Babu yako alikuwa na sauti ya kuongoza, na bibi alisema watu walikuja kutoka vijiji vingine kumsikiliza. Vita vya shifta, wale waasi waliotaka kujitenga na Kenya wajiunge na Somalia, vilipoanza, kuanzia 1963, vijiji vile vikashambuliwa na kuchomwa, na watu wakaingia mashuani wakaenda Ndau, Pate, Amu, wengine Malindi na Mombasa. Walidhani watarudi msimu unaofuata. Wengi hawakurudi. Miti yao ya maembe na minazi ilibaki msituni bila mwenyewe. Bibi yako amekufa akiijua mmoja mmoja.

Sasa tazama kilichofuata. Bara imekuwa tupu, na mapema miaka ya 1970 serikali ikafungua skimu ya Ziwa Kenyatta, hapo Mpeketoni, baadaye Ujerumani ikasaidia. Walioletwa walikuwa watu wasio na ardhi, Wakikuyu wengi, na Wakamba, Wameru, Wajaluo, Waluhya, na waliokuwa wamerudi kutoka Tanzania. Walipewa ekari kumi kumi, na baadaye hati. Watu wa kwetu waliokimbia shifta walikuwa bado wamekaa kwenye vyumba vya jamaa zao Amu, wakisubiri. Hilo lilichoma, na bado linachoma, na utalisikia kwenye baraza yoyote utakayokaa kisiwani.

Lakini nenda ukakae Mpeketoni pia, usikie la upande wa pili, kwa sababu ni kweli vilevile. Nina rafiki yangu mkubwa huko, mama mzee tuliyejuana naye kwa kuuziana mbegu za kunde. Wao walishushwa kwenye lori msituni, kuna nyati na simba, hakuna maji ila ya ziwa wanalochangia na viboko. Alizika watoto wawili kwa malaria kabla hawajavuna mahindi ya kwanza yaliyotosha. Ule mji unaouona leo, wenye benki na soko kubwa kuliko la Amu, waliutoa kwa jembe. Wajukuu wake wamezaliwa hapo, hawajui kwengine. Umwambie yeye ni mgeni? Mimi siwezi, na sitaki uweze.

Usiku wa 15 Juni 2014 wanamgambo waliingia Mpeketoni, na kwa siku hizo mbili tatu watu zaidi ya 60 waliuawa mjini na vijiji vya jirani. Mwezi uliofuata wakaingia Hindi yetu hii. Tulilala vichakani na majirani wa kila kabila, tukifunika vinywa vya watoto. Kisha kafyu ikawekwa, machweo mpaka alfajiri, na ikawa hakuna wa kulala kwenye dungu kulinda mazao. Nguruwe na nyani wakavuna wao. Kuna familia zilizouza mashamba kwa bei ya kutupa zikaenda zao, na kuna zilizobaki. Ukikuta nyumba ya mawe imeota mti ndani, usiulize kwa mdomo mpana mbele ya watu. Wenyewe watakwambia wakikuzoea.

Haya yote, mwanangu, yanaingia moja kwa moja kwenye kazi yako. Chukua mfano wa miti. Utakuja na maagizo kwamba wakulima wapande miembe ya kubebesha na mikanju, yaani mikorosho, mipya, kwa kuwa ina faida kuliko mahindi. Ni kweli ina faida. Lakini pwani yetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na wanaweza kuwa watu wawili. Mtu anaweza kumiliki minazi iliyosimama kwenye shamba la mwingine. Kwa hivyo mwenye ardhi akimruhusu mtu alime, humwambia: lima mahindi, lima pojo, lima mihogo, usipande mti. Akipanda mti amejipatia madai, kesho ardhi ikitaka kuuzwa atasimama na miti yake. Na yule asiye na hati, aliyekaa tu, kama Wagiriama wengi waliohamia huku kutoka Kilifi, yeye yuko kwenye shida mbili. Akipanda mkanju ataambiwa anajitwalia shamba. Asipopanda, siku akifukuzwa hana cha kulipwa.

Basi ukimwona mtu anapanda pojo na mahindi mwaka hata mwaka, wala hataki kusikia habari ya miche yako, usiandike kwenye ripoti kwamba wakulima hawajaelimika. Kaa naye kivulini, muulize shamba ni la nani. Nimeona maafisa waliokuja na miche gari zima, wakaigawa, wakapiga picha, wakaenda. Miche ilikaukia nyuma ya nyumba ndani ya vifuko vyake, na kila mtu kijijini alijua kwa nini isipokuwa wao.

Tena mpango wowote utakaouleta, fikiria mwanamke. Huku wapaliliaji wengi ni sisi, na hati nyingi zina majina ya waume, wengine wamekufa zamani na mirathi haijagawanywa. Mjane hawezi kuingia kwenye mpango unaotaka nakala ya hati. Wasaidie kwenda kwa kadhi au kwa chifu kwanza, ndipo uwape mbegu.

Sasa nikueleze nchi yenyewe, uijue ukiiona dirishani. Ukishavuka Mto Tana ukapita Gamba unaingia kwenye tambarare. Hakuna mlima Lamu, mahali pa juu hapafiki mita mia. Kwa sababu hiyo maji yakija hayana pa kwenda. Novemba 2023, mvua za El Niño zilipofurisha Tana, barabara ilikatika, na malori ya maembe yakakwama upande huu mpaka matunda yakachuruzika. Barabara sasa ni ya lami, jambo ambalo sikudhani nitaliona. Zamani mvua ikianza, safari ya Mombasa ilikuwa dua, na miaka ile ya hofu mabasi yalikuwa yakisindikizwa na polisi. Lami imebadilisha bei. Mnunuzi wa Mombasa anakuja na lori hadi shambani, na mkulima mwenye simu anajua soko la Kongowea, Mombasa, gunia linauzwaje.

Upande wa Nyongoro utaona ng'ombe weupe wa Waorma. Kiangazi kikikaza, wafugaji wengine hushuka kutoka Garissa na Tana River na mifugo mingi kutafuta majani na maji, na wakati huo mahindi ya watu yamesimama. Hapo ndipo panapozuka ugomvi kila mwaka. Mfugaji naye ana neno lake. Njia za kupeleka ng'ombe majini alizirithi, na leo amezikuta zimelimwa na kuzungushiwa ua. Ukiwa wewe ndiye unayepima mashamba na kushauri mahali pa kulima, uliza kwanza njia ya ng'ombe inapita wapi. Chuoni mtakuwa mmesoma pia juu ya mbung'o. Wako, hasa karibu na misitu, na ndio sababu mkulima wa huku hafugi ng'ombe wengi hata akitaka.

Witu na Mpeketoni hupata mvua nzuri zaidi. Huko kuna mahindi, pamba, mihogo, mikorosho, na miembe imeshikana matawi. Ngowe yetu utaijua kwa ile ncha yake iliyopinda, na nyama yake ya manjano iliyokoza isiyo na nyuzi nyingi. Wanunuzi hununua mti mzima ukiwa na maua, wanalipa kidogo, mkulima mwenye karo ya shule anakubali. Kama kuna jambo ungelisimamia mwaka wako wa kwanza, ningependa liwe hili, wakulima wauze pamoja, wauze tunda na si ua. Pamba nayo ina historia ya kuumiza watu. Ililetwa kwa ahadi nyingi, watu wakalima, wakaokota, wakapima, wakakaa na karatasi za deni msimu baada ya msimu. Siku hizi inarudi. Usiwalaumu wanaosita.

Ziwa Kenyatta ni la maji baridi, halina kina kirefu, na visima vya pembeni yake ndivyo vinavyonywesha Mpeketoni. Mvua zikikosa mfululizo hukauka likabaki tope lililopasuka, na viboko hufia humo. Watu wamelima mpaka ukingoni, na miti iliyokuwa ikilizunguka imepungua. Hili ni la kusemwa kwa sauti, na wewe ukiwa afisa una haki ya kulisema.

Ukifika kwetu Hindi udongo ni wa kichanga, hautunzi maji, na visima vingi vina chumvi. Lakini simsim inaupenda. Babako atakuonyesha, maana hili nadhani vitabu havisemi vizuri. Simsim haitaki maji mengi, tunaipanda mvua zikishapoa. Inaanza kuiva chini ikipanda juu, na hapo ndipo penye kazi. Maganda ya chini yakishaanza kugeuka manjano, ya juu bado mabichi, na ukisubiri yote yaive umekosa, kwa sababu ya chini yatapasuka usiku na mbegu zitakuwa za sisimizi. Ukikata mapema mno, mbegu za juu ni makapi. Tunakata asubuhi na mapema kungali na umande, kwa mkono mmoja, bila kutikisa, tunafunga miganda, tunaisimamisha wima imeegemezwa kwenye mti wa kulazwa, na chini tumetandika turubai. Inakaa hapo jua na upepo mpaka kila ganda limefungua mdomo juu. Siku ya kukung'uta, unaushika mganda kwa uangalifu, unaupindua juu ya turubai mara moja, na mbegu zinashuka kwa sauti kama mvua ya ghafla juu ya makuti. Ukipindua vizuri hakuna haja ya kupiga. Kisha ungo. Mwaka jana kijana mmoja kutoka ofisini alikuja akatwambia tupige kwa fimbo tumalize haraka, tukapata mchanga nusu na simsim nusu, na mnunuzi akatukata bei. Wewe uje ushike mganda kwanza, ndipo useme.

Kutoka hapa, ukielekea Bargoni na kuendelea kaskazini, unaingia kwa Waboni, wenyewe wanajiita Waaweer. Nakuomba uende kwao, kwa sababu maafisa wengi hawaendi. Vijiji vyao ni Milimani, Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe, na Pandanguo kule upande wa Witu. Walikuwa wawindaji na warina asali, wanamfuata ndege anayewaita mpaka kwenye mzinga ulio ndani ya mti. Wakati wa shifta walitolewa msituni wakapangwa kando ya barabara. Mwaka 1976 misitu yao ikatangazwa hifadhi za Boni na Dodori, na 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Wakaambiwa walime. Watu waliojua msitu kuliko mtu yeyote wakapewa jembe bila kuonyeshwa, na konde likiota, nyati na ndovu wanakula, nao hawaruhusiwi kuwagusa. Tangu 2015 operesheni za kijeshi msituni zimewafungia hata njia za asali. Kama utapata nafasi ya kupeleka mizinga ya kisasa na mnunuzi wa kweli wa asali, wapelekee wao kabla ya wengine. Hawakusumbui kwa maneno mengi, na kwa sababu hiyo husahauliwa.

Visiwani nako kuna kilimo, usidhani ni uvuvi tu. Pate ina minazi na makonde, na watu wa Siyu, Faza na Kizingitini bado wanalima mvua ikinyesha. Maji yao ni ya jabia, yale matangi ya kukinga mvua, na mwaka mkavu wanaletewa maji kwa mashua. Wazee wa huko wanahesabu majira kwa Nairuz, mwaka umegawanywa miongo 36 ya siku kumikumi na siku tano za ziada, na mtu atakwambia mtama hupandwa mwongo wa ngapi. Utabiri wa hali ya hewa utakaopewa ofisini uupeleke, bali keti na wazee hao muulinganishe. Siku hizi mvua haifuati mwongo wala utabiri, na wote wawili wana la kujifunza. Mikoko sitakuandikia mengi, hilo ni la idara nyingine, ila jua kwamba zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu, na familia nyingi zimeishi kwa kukata boriti.

Limebaki la bandari. Mwaka 2012 marais walikuja hapa kuweka jiwe la msingi la LAPSSET, ule mradi wa bandari ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, na gati la kwanza likaanza kazi Mei 2021. Kililana, hapa karibu yetu, mashamba yakachukuliwa. Wenye hati walilipwa baada ya kusumbuka sana, wasio na hati walibaki kutazama. Kwasasi palitakiwa pajengwe mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050. Watu wa Lamu, wavuvi na wakulima, Waislamu na Wakristo, wazawa na waliokuja, walisimama pamoja, na Juni 2019 jopo la kusikiliza kesi za mazingira likaifuta leseni yake. Nilikwenda kwenye mikutano ile. Nilimwona mama yangu yule wa Mpeketoni amekaa mkeka mmoja na mabibi wa Amu waliovaa mabuibui, wanagawana maji. Tangu siku ile, mtu akinambia watu wa kaunti hii hawawezi kupatana juu ya ardhi, namjibu kwamba nimewaona wakipatana.

Lakini tangu bandari, madalali wamejaa. Wanakuja na magari, wanauliza bei ya ekari. Watakuuliza na wewe, kwa kuwa utakuwa na ramani na utajua nani ana hati na nani hana. Mwanangu, hilo nakukataza kwa ulimi wa mama. Usimpe mtu habari ya shamba la mtu. Ukichukua hata shilingi moja kwa njia hiyo, hakuna nyumba itakayokufungulia mlango tena, na yetu ikiwemo.

Kazini uwe unaamkia. Ukifika kwa mtu saa ya chakula, kula, hata kama umeshiba. Mpeketoni utapewa githeri, Witu wali wa nazi, kwa Waorma maziwa, na kwa Waboni asali iwapo ipo. Ukikataa wataona umewadharau. Siku ya Ijumaa usiite mkutano adhuhuri, na Mpeketoni usiuite Jumapili asubuhi. Ukitaka wanawake waje, weka mkutano baada ya saa tisa, tumeshapika na kuteka maji.

Njoo na buti za mpira, za hapa ni ghali na hazidumu. Ukipita Malindi ninunulie kilo mbili za mbegu za pojo kwenye duka la pembejeo, angalia tarehe kwenye pakiti. Shuka Hindi, usiende Mokowe, babako atakungoja stendi. Chumba chako tumekiezeka upya kwa makuti, na chandarua kipo. Msalimie shangazi yako sana, umwambie namshukuru kwa kukulea, na kwamba akija tutampa ngowe mpaka achoke.

Wasalaam,
Mamako